Nyumba Yenye Cheti

Ndani ya gari la abiria aina ya Noah la kwenda Ikuti, Nusrat alimweleza mzee Anyelwisye, jirani yake wa kiti, kuwa kazi yake ni kukagua nyumba za matofali yasiyochomwa na kuzipa cheti. "Matanuri yanamaliza misitu, mzee. Matofali haya hayali kuni."

"Yangu ilikuwa na cheti," mzee akasema. "Masika ukuta ukalowa, ukamwangukia mke wangu. Tumemzika."

Nusrat akanywea. "Pole sana, mzee. Lakini kanuni inataka paa litokeze, mvua isipige ukuta."

"Mabati yalipelea. Mkaguzi aliona, akapitisha. Hizo unazokwenda kukagua leo, watu wameshahamia?"

"Wameshahamia," Nusrat alijibu.

Gari likasimama. Mzee akashuka bila kuaga. Nusrat akabaki kitini hadi dereva alipogeuka: "Dada, ndiyo mwisho hapa."