Mama Coleta, Dobi Mwenye Ndugu Wengi

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kufua mashuka ya hospitali yetu, Mama Coleta anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025. Kamati ya sherehe imempa mlinzi wa geti, yaani mimi Loth, kazi ya kuandika habari zake, kwa kuwa wenye elimu wote walisema wametingwa. Niliishia darasa la nne. Msinitafutie nukta na mkato.

Aliajiriwa Aprili 1994, akifua kwa mikono, na baridi ya maji ya Sumbawanga ya mwezi wa sita mnaijua. Ikaja mashine, ikaharibika. Ikaja nyingine, nayo ikaharibika. Yeye hakuharibika. Jumapili aliimba kwaya, na sauti yake haijawahi kukutana na kinanda hata siku moja, lakini mwalimu wa kwaya wa kumwambia hivyo hajazaliwa.

Hapa kwetu mgonjwa hulishwa na ndugu zake. Wanakuja na sufuria, wanapika nyuma ya wodi, wanamfulia nguo. Asiye na ndugu hunusa chakula cha jirani. Katika daftari la wodi kuna sehemu ya kuandika jina la ndugu, na Mama Coleta kila alipokuta pako wazi alimwambia nesi aandike lake. Hakuomba kibali kwa mtu.

Akaja daktari mkuu mpya, akapekua daftari, akamwita ofisini. Alitaka kujua imekuwaje mama mmoja wa Kifipa awe dada wa Msukuma, shangazi wa yule kichaa wa stendi, na mama mzazi wa bibi wa miaka themanini.

"Daktari," akajibu, "kwetu tunazaana sana."

Msukuma mwenyewe ni Mayunga. Mwaka 2016 ng'ombe wake waliingia shamba la ulezi la Mama Coleta, wakala lote. Mwezi haujaisha, Mayunga akaletwa kavunjika mguu, na jamaa zake wameshahama na mifugo kutafuta malisho. Wodi nzima ilimjua.

"Mwache alale na njaa," wakamwambia Mama Coleta. "Ulezi wako keshaula."

Yeye akaendelea kukoroga uji. "Waliokula ni ng'ombe. Huyu hajala tangu jana."

Mimi niliungana na hao wa wodi, na Mama Coleta nilimwita mjinga, tena kwa sauti. Naandika ili pasitokee mtu wa kunisifu.

Alimfulia hadi blanketi lake jekundu. Nguo za wagonjwa haziruhusiwi dobini, kwa hiyo alilificha kwenye beseni moja na kanzu nyeupe ya Padri. Dominika ile Padri akapanda altareni na kanzu iliyogeuka waridi, rangi ya Dominika moja ya Majilio, vikongwe wakaulizana iweje Majilio yaje Juni.

Baada ya miezi miwili jamaa za Mayunga walifika getini na fahali, kumshukuru ndugu yao mpya. Sheria inasema kila mgeni aandikwe. Nikaandika: Fahali, anatoka bondeni, anakuja kumwona Mama Coleta. Fahali huyo aliliwa na wodi nzima, pamoja na wale waliotaka Mayunga alale na njaa.

Sasa kuna Yonas, mvuvi wa Wampembe, kitanda cha kumi na moja. Amepooza upande mmoja, hawezi kusema, na waliomleta walirudi ziwani siku ileile. Ndugu yake daftarini ni Mama Coleta, na Mama Coleta Jumamosi anahamia Ilemba kwa binti yake. Kamati ilipomuuliza anataka zawadi gani, godoro au cherehani, alisema, "Nipeni mtu wa kumlisha Yonas." Wajumbe wakamwambia aulize ofisini. Wiki mbili amezunguka ofisi zote, na kila ofisi imempa pole nzuri sana.

Jumatatu akasimama getini. "Mzee Loth, uji unajua kukoroga?"

Nikamwambia tangu mke wangu afariki nimejifunza kwa shida.

"Basi usimpe wa moto kama mdomo wako," akasema, akaenda zake kuanika mashuka.

Nimeshaandikwa: Loth, kaka wa mgonjwa. Uji wangu una mabonge, Yonas ananikodolea jicho lake zima, lakini bakuli anamaliza. Na wodi ya wanawake, wenzangu, kitanda cha tatu, pa jina la ndugu pako wazi. Nesi Hellena anayo kalamu.

Mahubiri ya upendo nimesikia mengi, na mengi nimeyalalia. Ya Mama Coleta nimeyaona kila siku yakining'inia kwenye kamba, yakikauka.

Asante, mama. Tunakuombea pumziko lenye afya, na shamba lenye uzio. Katika kitabu changu cha geti kila mtu huandikiwa saa ya kutoka. Ijumaa, yako nitaiacha wazi.