Joan Hakunyimwa Viza

Chifu wetu Mzee Chesang, Mchungaji, shemeji yangu Wabwile na dada yangu Sellah wenye boma hili, wazee, kina mama, vijana, na wewe Levi ambaye ndio sababu tumekula hapa leo: hamjambo nyote. Wageni mliotoka Kitale, na mliokuja na bodaboda kutoka Chwele na hii mvua, mmetuheshimu.

Nimepewa maiki kama mjomba, niseme safari njema, niketi. Levi ako mwaka wa nne wa uhandisi. Chuo kimoja cha Kanada kimemuita akafanye utafiti wa udongo wa barabara, Juni mpaka Agosti, na wao ndio wanalipa: ndege, chumba, na posho juu. Tiketi imefika. Si hiyo ni ya kupiga makofi?

Lakini tangu Jumapili nasikia shemeji anasema Levi angoje. Ati Agosti hii mdogo wake Wangila anapashwa tohara, na mtoto mkubwa hawezi kuwa ng'ambo wakati kaka yake anasimama mbele ya kisu. Ati Kanada haihami, ataenda mwaka ujao.

Shemeji, hayo maneno ni yangu. Mimi ndio niliyasema wa kwanza.

Mnamjua msichana wangu Joan. Mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili na yeye alikuwa mwaka wa nne, uhandisi hivyo hivyo, na aliitwa hivyo hivyo, akafanye utafiti wa pampu za maji. Na Agosti hiyo kijana wangu alikuwa anatahiriwa. Nilisimama hapo mbele ya kanisa nikawaambia wazungu wamemnyima viza. Mkanipa pole. Mchungaji ukaomba. Tangu siku hiyo mtoto wangu akapata jina. Hata sokoni Chwele kina mama wanasema, huyo si ndio Joan wa viza.

Joan hakunyimwa viza. Viza ilitoka. Ni mimi nilimzuia.

Nilimzuia kwa nini? Alipoleta habari, ndugu yangu Eliakim alikuwa kwangu. Akasema, "Mtoto analipwa kufanya utafiti? Utafiti wa nini bana, wa kutafuta bwana?" Joan alikuwa amesimama pale mlangoni. Mimi baba yake nikacheka. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Kisha nikamwambia Agosti wageni watajaa, nani atapika? Akaniuliza, "Baba, hakuna mwingine wa kupika?" Walikuwepo. Shangazi zake walikuwepo, majirani walikuwepo. Leo naomba niseme ile sababu yenyewe: nilitaka watu waone msichana wa chuo kikuu akipiga magoti mbele yao na maji ya kunawa. Nilitaka waseme boma la huyu mzee limelea. Na mlisema. Nilisikia nikafurahi, na yeye ako kwa moshi huko nyuma, macho mekundu.

Nilimwambia hii kitu ni ya kila mwaka, ataenda ijayo. Sisi hapa Agosti yetu ya tohara inaenda na inarudi, ukikosa hii unangoja miaka miwili. Nilidhani na ya Kanada inarudi hivyo. Mwaka uliofuata akaomba tena. Wakamjibu wanachukua tu mwanafunzi ambaye bado ana mwaka wa kusoma mbele yake, na yeye alikuwa anamaliza. Hakulia. Aliniambia tu, "Baba, si ulisema ni ya kila mwaka."

Siku hizi anaishi Matisi, huko Kitale, ameajiriwa kwa duka la vifaa vya umeme. Krismasi anatuma unga na sukari. Yeye mwenyewe haji. Leo amekuja kwa sababu ya Levi, na mjue hivi: huyu Levi, ni Joan alimwonyesha jinsi ya kuomba. Jioni baada ya jioni kwa simu, kitu ambacho yeye aliporwa, akamfundisha mwingine. Mimi ningeweza? Wewe ungeweza?

Sasa shemeji Wabwile. Mjomba wa Wangila ni mimi. Agosti atakuja kwangu na kengele zake za kualika watu tohara, na nitamchinjia ng'ombe, na ile nyama ya kifua, kama desturi yetu, nitamvika shingoni kwa mikono yangu, maana bila mjomba hiyo sherehe ni nusu. Watu wakiuliza kaka yake ako wapi, usijitetee. Sema mjomba ndiye alimtuma. Wanaotaka kulaumu waje kwangu, njia wanaijua. Usiingie kwa ile nyumba mimi naishi ndani yake, shemeji. Iko na watu na hakuna mtu.

Levi, nenda. Pima huo udongo.

Joan, sikuombi urudi nyumbani. Sina uso wa kuomba hiyo. Nilitaka tu hawa watu niliowadanganya wasikie ukweli kutoka kwa mdomo ule ule.

Nimemaliza. Nawashukuru wote kwa kunipa masikio yenu. Na wewe Joan, uliye hapo kwa mashine ya sauti: hiyo swichi iko mkononi mwako tangu nianze, ungetaka ungenizima. Asante mama kwa kuniacha nimalize.