Mkopo wa Cheti cha Maabara

Gari la abiria lilipong'oka Silibwet kwenda Bomet, Nyaguthii, muuza vitambaa, alikuwa ameketi nyuma ya mzee na msichana wasiojuana. Msichana alikuwa akimweleza mzee kwamba anaenda kuchukua mkopo wa laki mbili asomee cheti cha maabara.

"Na mshahara?" mzee akauliza.

"Naambiwa elfu kumi na nane, mzee, ukibahatika kuandikwa."

"Mimi nilisomea kazi hiyo hiyo, na serikali ndiyo ilikuwa inanilipia karo. Mshahara wa kwanza nikamnunulia mama blanketi nyekundu. Wako utakuwa wa benki, msichana wangu."

Nyaguthii alikubaliana naye kimoyomoyo, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Msichana alitazama mashamba ya chai dirishani mpaka yakaisha. "Lakini kazi yenyewe uliipenda?"

"Nilipima makohozi miaka thelathini. Mpaka leo mtu akikohoa kanisani, nageuka nimwangalie. Natamani nirudi kwa ile hadubini, hata siku moja tu."

"Sasa mzee, unanikataza ama unanituma?"

Gari likasimama Bomet kabla mzee hajajibu, watu wakaanza kushuka. Nyaguthii alibaki kitini akingoja jibu, hadi makanga alipomwambia wamefika.