Kabla Bibi Zenaida Hajagonga Ukuta

Mgeni rasmi, Ndugu Aldo Berroa, Mkurugenzi wa Michezo wa manispaa. Mwalimu wetu Eusebio. Na majirani mliokuja na viti vyenu wenyewe:

MAKARIBISHO

Sisi wanyanyua vyuma na watunisha misuli wa ua huu wa Pueblo Nuevo, Matanzas, tunakukaribisha kwa furaha isiyo na breki. Wengine wetu tumejipaka mafuta tangu asubuhi ili misuli ing'ae. Ukitupa mkono ukateleza, utuwie radhi.

TULIKOTOKA

Mwalimu Eusebio alikuwa mpakuzi wa meli bandarini. Alipostaafu, mwili ulikataa kukaa bure. Akaokota ekseli ya behewa bovu, akamimina saruji kwenye makopo ya jamu ya mapera, na hivyo ndivyo vyuma vyetu hadi leo. Siku ya kwanza alinyanyua, akashangiliwa, akaachia chini kwa kishindo.

Upande wa pili wa ukuta huu anaishi Bibi Zenaida, mwoka keki. Keki ya binti aliyekuwa anatimiza miaka kumi na tano ilikuwa inaumuka ndani ya oveni. Kwa kishindo hicho ikanywea, ikakaa kitako. Bibi akaja na unga hadi kwenye nyusi.

"Eusebio, punda we, unajenga mwili au unabomoa mji?"

"Nisamehe, jirani. Kwani hailiki tena?"

"Mtaila nyie. Mimi naanza upya."

Tuliila yote, na hapo ndipo ujirani ulipozaliwa. Tukakubaliana: keki ikiwa ovenini, tunashusha vyuma polepole kama mtu anayelaza mtoto. Keki ikitoka, Bibi anagonga ukuta kwa mwiko mara tatu, ndipo tunanyanyua vile vizito na kuviachia tutakavyo.

Msomaji wa risala hii, Yaquelín Fundora, alikuja kuchukua keki yake ya kutimiza miaka arobaini. Alijiagizia mwenyewe, maana mume alikuwa ameondoka nchini bila kuaga. Keki haikuwa tayari, akaambiwa asubiri uani.

"Usikae bure, mama," Eusebio akamwambia. "Shika hicho."

Alishika, hakikusogea, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Kesho yake akarudi bila kisingizio cha keki. Leo anambeba Eusebio mwenyewe mabegani, na hufanya hivyo kila mzee anapokosa adabu.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, habari za mashindano ya mkoa kule Cárdenas umezisikia, lakini umezisikia vibaya. Si kweli kwamba Yaquelín aliganda kwa woga. Aliitwa jukwaani, akapaka chaki, akashika chuma, akatulia. Saa inakimbia.

"Yaquelín, nyanyua basi!" Eusebio akapaza sauti. "Unangoja nini?"

"Hajagonga," akajibu.

Watu walidhani amerukwa na akili. Sisi wa ua huu tulimwelewa mara moja, na tulikaribia kulia. Bahati njema Bibi Zenaida alikuwa amekuja na sisi, kakumbatia keki mapajani. Akavua kiatu, akagonga benchi mara tatu. Chuma kikapaa. Kisha, kwa kuihurumia keki ile mapajani, Yaquelín akakishusha taratibu mno hata waamuzi wakainama kutazama kama kimegusa sakafu. Tulirudi na medali ya shaba, na keki haikufika nyumbani.

CHANGAMOTO

Sehemu hii tunaisoma kwa sauti ya chini, kwa sababu ukuta ni mwembamba.

Tumesikia ofisi yako imetuandalia ukumbi ng'ambo ya mto, wenye vioo, feni na sakafu ya mpira. Tulirukaruka kwa furaha. Halafu tukakaa, tukatazamana.

Mgeni rasmi, vuta pumzi. Unasikia harufu ya keki? Hata sisi hatuisikii, tangu Machi. Mayai hayapatikani, na oveni ya Bibi ni baridi. Wanawe wote wako nje ya nchi. Lakini kila siku, saa kumi jioni, mwiko unagonga ukuta mara tatu. Hatujamuuliza. Mpaka agonge, tunashusha vyuma polepole vilevile, na akigonga tunaviachia kwa kishindo ili ajue tumemsikia. Tunampenda, na hatujui jinsi ya kumwambia isipokuwa hivyo.

MAOMBI

Tunaomba utuache hapa hapa. Ile sakafu ya mpira uwape vijana wa ng'ambo ya mto. Sisi tunataka kishindo kisikike. Vioo hatuvihitaji, tunajijua tulivyo wazuri. Kama ofisi yako ina njia yoyote ya kupata mayai, treya moja tu, tutaibeba wenyewe, na mikono ya kubebea unaiona.

Mungu akupe mgongo usiouma na magoti yasiyolia, wewe na wako.

Risala imekwisha, na saa kumi inakaribia. Yaquelín anaweka karatasi chini na kushika chuma. Tunakusihi, mgeni rasmi, usipige makofi bado. Keki iko ovenini.

Ni sisi,
Wanyanyua Vyuma wa Uani kwa Eusebio,
majirani wa Bibi Zenaida.