Mpaka Jasho Likauke

Jumapili, mwisho wa Oktoba. Joto tangu alfajiri. Mawingu yalijikusanya upande wa Sikonge, tukaanua nguo mbio mbio, kisha yakatawanyika bila kudondosha tone.

Leo nimetoa ushuhuda kanisani. Nauandika kama nilivyousema, kabla sijausahau, ingawa huenda nimeongeza mahali. Mimi na darasa la saba langu sikuzoea kipaza sauti. Nilikishika kama mwiko. Nilisema hivi:

Wapendwa, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Wengi mnanijua kama yule mama anayetoka katikati ya mahubiri. (Walicheka, hata mchungaji.) Msidhani neno lilikuwa linanichosha. Nilikuwa nakimbilia nyumbani kuzima moto. Moto wenyewe haukuwepo.

Mnakumbuka bani letu la kukaushia tumbaku lilivyoungua, msimu wa mwaka juzi. Ilikuwa mchana kweupe, na zamu ya kuchochea kuni ilikuwa yangu. Majani yalishaanza kutoa ile harufu tamu. Nikaingia ndani kunywa maji. Nilipotoka, moshi unafuka juu penye nyasi. Labda jani lilidondokea mabati yanayopitisha moto. Labda nilizidisha kuni. Mpaka leo sijui, na ndugu zangu, nawaambia, kutojua kunamla mtu kuliko kosa lenyewe. Hakuna aliyeumia. Mlikuja na ndoo zenu, nawashukuru. Wala sisemi tumbaku ni mbaya. Ndiyo iliyowavisha wanangu sare za shule. Ila moto ule mliuzima kwenye bani, kwangu mimi ukabaki unawaka.

Nikaanza kusikia harufu ya moshi kila mahali. Shambani, kisimani, humu humu kwenye ibada. Moyo unadunda, jasho linanitiririka, miguu inaondoka yenyewe. Nikifika nyumbani, maji jikoni, chwaa! Binti yangu anasonga ugali, mimi nazima. Siku moja akaniuliza, "Mama, hiki tunachokula, uji wenye mabonge, tukiite nini?" Maharage ndiyo usiseme. Maharage yanataka moto wa kukaa. Nyumbani kwetu yakakoma kabisa.

Zahanati walinipima presha, wakakuta iko sawa. Mganga akaniambia nisijifungie, nitafute mtu wa kuzungumza naye. Alisema kweli, mimi ndiye sikumsikiliza. Mchungaji aliniombea, na sitadanganya mbele ya madhabahu: ule utulivu nilifika nao hadi getini.

Mume wangu yule pale, anatazama chini. Nataka nimtendee haki. Amekula ugali mbichi muda mrefu na hajanitukana. Lakini kiangazi hiki alisema, "Mama watoto, nimechoka. Mvua zikishika nenda kwa dada yako Bukene, ukapumzike." Nikamuuliza, "Na kurudi?" Akafunga maharage kwenye mfuko, zawadi ya dada, maana mke hapelekwi kwao mikono mitupu. Akauweka nyuma ya mlango. Kila nikifagia, nauona.

Ndipo jirani yangu akaja, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafuga nyuki. Simtaji, mtamjua kwa sauti.

"Twende msituni," akasema.

"Mimi naogopa moto, wewe unanipeleka kwenye moshi?"

"Nakupeleka kwa nyuki. Moshi utaukuta huko huko."

Mizinga yetu imetundikwa kwenye miyombo, kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Pana mawe pale. Watu husema ndipo walipokuwa wakitua mizigo. Mimi sikuwepo, nasema nilivyosikia. Sheria ya kikundi ni kwamba ukifika na jua lako mgongoni, husogelei mzinga. Unakaa juu ya mawe, kimya, mpaka jasho likauke. Nyuki hawapendi harufu ya jasho.

Wenzangu wakakauka, mimi bado. Nakaa, nasimama, nachungulia.

"Wewe, umekalia siafu?" mmoja akaniuliza.

Wakaanza kurina. Mwenyekiti alikuwa juu ya ngazi, mzinga wazi, na mwenzetu chini ameshika bomba la moshi wa kuwatuliza nyuki. Upepo ukageuka, moshi ukanipiga usoni. Sikumbuki kuamua. Nilikuwa na dumu la maji ya kunywa, nikalimimina lote ndani ya bomba. Moshi ukakata. Na nyuki, ndugu zangu, hawakuuliza nani kafanya.

Mwenyekiti alivimba mdomo mpaka mumewe akataka kujua nani kambusu. Ninyi mnacheka leo. Siku ile sikucheka. Nilijifungia ndani nikaanza kukunja khanga. Nikaona bora niende Bukene mwenyewe kuliko kusubiri mvua initoe. Mara mtu akaingia bila hodi, mdomo kama andazi.

"Safari ya wapi?"

"Bukene."

"Utakwenda siku nyingine. Kesho una zamu."

"Zamu gani, na nimewaumiza?"

"Ya kukaa. Hushiki mzinga, hushiki bomba. Utakaa mpaka ukauke, na mimi nitakaa nawe, hata jua lizame."

Tukakaa. Nilitaka kuinuka mara ngapi sijui. Mkono wake ulikuwa gotini kwangu, haukubana, ulikuwepo tu. Nikaanza kuwasikia nyuki, kama watu wanaosali nyumba ya mbali. Nikamwona sisimizi amebeba bawa linalomzidi, anaanguka nalo, anainuka nalo. Nilikuwa nimepita njia ile tangu utoto na sikuwahi kumtazama sisimizi. Kisha moshi ukaja. Moyo ukaruka.

Akaninong'oneza, "Unatoka wapi?"

Nikatazama. "Kuna mtu anachoma takataka za shamba, kule ng'ambo."

"Unakuja huku?"

Nikatazama tena. "Hapana."

"Basi."

Baadaye nikahisi upepo nyuma ya sikio, wa baridi. Nikapagusa. Palikuwa pakavu. Nililia pale kwenye mawe. Sikuwa najua kwamba hofu nayo huchoka, ukiiacha ikae na wewe usikimbie.

Msitoke hapa mkasema mama yule kapona. Nilirudi kukaa siku nyingi, na nyingine nilishindwa nikakimbia. Sasa nimeweka kigoda karibu na mafiga. Wasiwasi ukija, nakaa. Nasikiliza kuni, nasikiliza kuku, naweka viganja kwenye udongo. Jasho likikauka ndipo nautazama moto, na naukuta palepale nilipouacha. Hata sasa, nikiwa hapa mbele, nasikia harufu ya moshi.

(Mama mmoja akajibu kwa sauti, "Ni jikoni kwa mchungaji, dada, kaa!" Kanisa zima likacheka, na mimi kweli nikapumua.)

Namshukuru Mungu, na mama yule wa mdomo, na akina mama waliokubali nirudi baada ya kuumwa kwa sababu yangu. Namshukuru binti yangu kwa yale mabonge. Mume wangu namshukuru kwa kusubiri. La Bukene yeye ndiye anajua. Fundisho langu ni dogo, mwenye kubwa zaidi atalisema. Hofu ikikuamuru simama, wewe kaa. Ukauke kwanza, ndipo uangalie kama kweli kunaungua.

Hapo ndipo nilipomaliza.

Niliporudi nyumbani mfuko haukuwa nyuma ya mlango. Nikajua ndiyo siku. Kumbe mume wangu ameumwaga kwenye ungo, amekaa kivulini anachambua mawe, yeye mwanamume.

"Dada yako atangoja mavuno mengine," akasema, hakuinua macho.

Sijui kama ni ushuhuda au ni hamu ya maharage. Sitaki kumwekea maneno mdomoni.

Nikabandika chungu. Mchana upepo ulivuma vibaya, cheche zikaruka hadi mlangoni. Niliinuka nikashika ndoo. Nikarudi nikaketi nayo mapajani, imejaa, nimeikumbatia, mpaka nikakauka. Mawingu yamerudi upande wa Sikonge na yananguruma. Pengine safari hii yatashuka.

Jioni tumekula ugali na maharage. Yameiva. Binti yangu amekwangua chungu.