Maisha ya Mama Kengele, Mkaguzi wa Kazi

Marehemu, ambaye hata barua za ofisini zilimfikia kwa jina la Mama Kengele, alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya stesheni. Baba yake alikuwa fundi wa reli na mama yake mshona nguo. Mbele yake alizaliwa kaka yake, aliyembeba mgongoni mpaka akawa habebeki tena.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kunyamaza. Mwaka 1964 baba yake aliumia mguu kazini, akaachishwa mikono mitupu, na binti akaingia kiwanda cha biskuti kufunga pakiti. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kabla hajaonyeshwa hata mashine, msimamizi alimfundisha kwamba mgeni yeyote akimuuliza umri, aseme kumi na sita. Sekondari aliimaliza ukubwani, katika madarasa ya jioni, akisinzia mstari wa mbele.

Jina lake alilipata kiwandani humo mwaka 1974. Sheria ilisema kazi ni saa nane kwa siku, lakini kengele ya kutoka iligongwa pale malori yalipojaa. Jioni moja mwenzake mjamzito alianguka, akainuliwa, akaambiwa aendelee. Marehemu aliweka chini pakiti aliyoishika, akatembea mbele ya macho ya wote hadi kwenye kengele, akaivuta kamba. Wanawake wakavua aproni, wakatoka. Msimamizi alimuuliza nani amempa ruhusa. Alimjibu kwa upole kwamba saa imefika, na saa haiombi ruhusa. Kesho yake alifukuzwa. Chama cha wafanyakazi kilimshtaki mwajiri, na baada ya mvutano mrefu marehemu akarudishwa kazini, na kazi ya ziada ikaanza kulipwa. Kutokana na ushahidi alioutoa katika kesi hiyo, alishauriwa aombe kazi serikalini. Mwaka 1979 akawa mkaguzi katika idara ya kazi, na huko ndiko alikostaafia mwaka 2011.

Mwaka 1977 aliolewa na fundi bomba, ambaye mpaka leo husimulia kwamba alikwenda kuchumbia akahojiwa kama shahidi. Bosi wako anakupa likizo? Una mkataba? Hakuwa nao. Akaambiwa arudi akiwa nao, na alirudi nao. Walijaliwa watoto watatu, waliolelewa kwa sheria zile zile: aliyepika haoshi vyombo, na wakati wa kusoma hakuna kutumwa dukani.

Mtihani mkubwa wa maisha yake ulimfika mwaka 1993. Wakati huo kaka yake alikuwa na kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, na ndiye aliyekuwa tegemeo la ukoo mzima. Habari zikafika ofisini kwamba anaajiri watoto. Marehemu alimweleza mkuu wake kwamba huyo ni kaka yake wa tumbo moja, akaomba atumwe mwingine. Huyo mwingine alikwenda, akarudi ameshiba, akasema hakuna tatizo. Ndipo marehemu akaomba aende mwenyewe, na mkuu akamruhusu, akamwongeza ofisa wa kushuhudia.

Waliingia kwa mlango wa nyuma. Ndani ya mvuke walimkuta msichana amesimama juu ya kreti la soda ili aifikie pasi kubwa, mikono ina mabaka ya kuungua. Marehemu alimuuliza umri.

“Kumi na sita,” msichana akajibu, bila kupepesa macho.

Marehemu alisimulia baadaye kwamba jibu hilo alilijua linavyofundishwa. Kaka yake akatokea mlangoni.

“Wewe ni mdogo wangu au ni serikali?”

“Asubuhi hii ni serikali, kaka. Jioni nitakuja kama mdogo wako.”

Jioni alikwenda. Hakufunguliwa. Mahakama ilimtoza kaka yake faini, ikamwamuru awarudishe wale watoto shule kwa gharama zake. Mama yao alimwambia binti yake kwamba ameiuza damu yake, na ndugu wengi wakampa mgongo. Harusi za kwao alizisikia kwa majirani. Alilia jikoni, mumewe yu shahidi, kisha akanawa uso akaenda kazini. Hakuacha kuubisha ule mlango. Miaka ikapita, mpaka siku moja kaka yake akaufungua mwenyewe, akasema tu, “Ingia, chai inapoa.” Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi, na chai ikanywewa.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Kaka yake ndiye aliyempeleka hospitali kusafishwa damu, wakibishana njia nzima kuhusu kiyoyozi cha gari. Wiki ya mwisho, wodini, alimwona muuguzi wa jana bado yuko zamu, akamtuma binti yake kwa mkuu wa wauguzi, na hakukubali kumeza dawa mpaka yule dada alipopata wa kumpokea. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2023, familia ikiwa kando ya kitanda.

Kuhusu siku ya leo aliacha agizo moja tu: wachimbaji wa kaburi wawe watu wazima, na walipwe kabla jeneza halijafika. Agizo hilo limetekelezwa, na aliyesimama makaburini tangu alfajiri kulisimamia ni kaka yake.

Marehemu ameacha mume, binti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba, na kaka yake. Ametumika vya kutosha. Sasa apumzike, na amani iwe yake.