Maisha ya Paskalia binti Fransisko, Ambaye Hakuwahi Kunywa Pombe

Ndugu zetu wa Kinole, Mkuyuni na Morogoro Mjini, asanteni kwa kuupanda mlima huu. Alhamisi asubuhi ndani ya nyumba hii tulikuwa tukibishana ni mbuzi gani achinjwe kwa furaha ya kupona kwa Paskalia. Leo ni Jumamosi, tarehe 14 Juni 1958, na tunamzika. Mkituona tumeduwaa, mtuvumilie. Hata sisi bado hatujaelewa.

Marehemu alizaliwa hapa Kinole tarehe 9 Machi 1921, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Fransisko na mkewe Cecilia. Mama yao alifariki Paskalia akiwa na miaka sita. Tangu hapo aliyembeba, aliyemlisha na kumsuka nywele alikuwa dada yake Agnes, ambaye mwenyewe alikuwa bado msichana mdogo. Paskalia alizoea kusema kwamba yeye hakulelewa na mama wa kambo wala na bibi, alilelewa na Agnes.

Alisoma shule ya misheni kule Matombo kuanzia mwaka 1931 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1935. Agnes hakusoma. Alibaki shambani ili mdogo wake aende, na Paskalia hakulisahau jambo hilo hata siku moja.

Baada ya shule alilima. Migomba, mananasi na tangawizi yake vilijulikana soko zima la Mkuyuni, na wanunuzi walimwogopa kidogo, kwani hakuwa mtu wa kupunguza bei kwa kubembelezwa. Tarehe 26 Septemba 1942 alifunga ndoa na fundi seremala Alois. Siku ile watani wetu, ambao hawana adabu hata harusini, walimchanganyia pombe kwenye kibuyu chake cha togwa. Aliinusa, kisha akaimimina yote taratibu juu ya viatu vipya vya mtani mkubwa, huku akimwuliza, "Vipi mtani, imekolea?" Watu walicheka mpaka bibi harusi naye akashindwa kujizuia. Mwaka 1946 yeye na akina mama wenzake waliweka nadhiri ya kutogusa pombe, naye wakamchagua kuwaongoza.

Maradhi yalianza mwaka 1949. Kwanza magoti na vidole vilivimba, halafu pumu, halafu uchovu usiokwisha. Mwaka 1955 macho yakawa ya njano na tumbo likajaa maji. Hospitalini mjini daktari alitafuta kwa bidii. Alipima malaria, akapima kichocho, akatuma damu Dar es Salaam kwa kipimo kipya kinachoonyesha ini likiumia. Majibu yalirudi yamepanda vibaya, na sababu haikuonekana.

"Mama, ini hili nimeliona kwa wanywaji," daktari alisema. "Unakunywa pombe?"

"Sijawahi, Bwana Daktari."

"Na dawa za majani?"

"Hapana."

La kwanza lilikuwa kweli. La pili halikuwa kweli, na wengi wetu tuliosimama hapa tulijua. Tangu mwaka 1951 alikuwa akinywa, asubuhi na jioni, majani ya kuchemsha ambayo bibi yao aliwaachia yeye na dada yake. Ni ule mmea wa maua ya njano unaoota kando ya mashamba, ambao mbegu zake zikikauka hulia ndani ya ganda. Bibi aliwapa kwa sharti moja: dawa hiyo haitajwi kwa watu wa hospitali. Atakayeitaja anaivunja nguvu kwa wote wanaoinywa. Agnes alikuwa akitembea ameinama kwa maumivu ya mgongo, na alipoanza kuinywa akanyooka. Basi Paskalia angefunguaje kinywa? Aliona akiitaja, dada yake atainama tena.

Neno la daktari lilitoka hospitalini likafika Kinole kabla ya mgonjwa mwenyewe. Tuliambiana kwamba kumbe kiongozi wa nadhiri anajificha na kibuyu. Akina mama wakamtoa kwenye uongozi, na sokoni watu wakawa wanamnusa anapopita. Alois alimsihi: "Mama Kasiani, kama kuna kitu, sema. Jina lako linaoza." Alijibu kwamba jina ni lake na atalibeba. Alilibeba zaidi ya miaka miwili.

Mwezi Machi mwaka huu alilazwa tena, na Agnes akaja na kikapu cha chakula. Chini ya ndizi alikuwa ameficha chupa ya dawa. Alipoinama kumsalimu daktari, daktari hakuitikia salamu, aliona macho yake yana unjano. Alimvuta taratibu mpaka dirishani, akamfunua kope la chini, akaomba kumtoa damu na yeye. Majibu ya Agnes yalipokuja, yalikuwa yamepanda pia. Daktari akasimama kati yao akauliza, "Ninyi wawili mnakunywa nini?"

Agnes alikivuta kikapu karibu. Paskalia aliketi kitandani, akautaja mmea ule kwa jina lake, mara moja, kwa sauti ya wodi nzima kusikia. Kisha akamgeukia dada yake akamwambia, "Dada, nisamehe. Bora uiname."

Waliacha wote wawili siku hiyo. Macho ya Agnes yalitakata. Paskalia naye alipata hamu ya kula, tumbo likapungua, akarudi nyumbani mwezi Mei, na akina mama wakaja kumpigia magoti. Kesho, Jumapili, alikuwa arudishwe kwenye uongozi. Alhamisi, akiwa jikoni anachambua mchicha, alitapika damu. Alois alimwinua, na kabla hajamfikisha barazani alikuwa ameshakata roho. Daktari ametueleza kwamba majani yale yalikuwa yameshaliharibu ini ndani kwa ndani. Tumemsikia, lakini moyo unakataa kabisa.

Familia inawaomba wote wenye chungu cha majani hayo nyumbani wakayamwage leo, kabla hawajala chakula cha msiba. Msione haya mbele yetu.

Marehemu ameacha mume, Alois. Watoto watatu, Kasiani, Yuliana na Stefano. Baba yake, Mzee Fransisko. Na dada yake Agnes, aliye hapa kando ya jeneza, ameinama kwa mgongo, akiwa mzima.

Pumzika kwa amani, Paskalia. Ulikuwa mkweli kuhusu pombe, na sisi tulikusingizia.